Kufuata jani la tumbaku kando ya mto James

Jumatatu: Richmond hadi Williamsburg

Mimi ni mtoto wa tumbaku. Urambo nilikokulia, ada za shule, mabati ya nyumba na hata gharama za msiba wa babu zilitoka kwenye marobota yaliyopimwa sokoni. Kwenye karatasi za chama cha msingi, tumbaku yetu ya mvuke iliandikwa Virginia, na kwa miaka mingi Virginia kwangu ilikuwa mbegu tu. Sasa nimekuja kumtembelea dada yangu Richmond, na jambo la kwanza nililomwomba shemeji ni anipeleke mahali ambapo mashamba haya yalianza kuendesha maisha ya watu.

Dada ana zamu za usiku wiki nzima, kwa hiyo tumeondoka watatu: mimi, shemeji, na mpwa wangu anayeingia darasa la sita. Tumeiacha barabara kuu tukashika namba 5, inayofuata mto James kuelekea baharini. Nimeona soya, nimeona mahindi, tumbaku sijaona hata mche mmoja. Shemeji anasema siku hizi inalimwa zaidi kusini, upande wa mpaka wa North Carolina.

Tumesimama Berkeley na Shirley, mashamba makubwa ya zamani yenye majumba ya matofali ya karne ya 18. Ukifika kwa gari unaikuta nyumba, kisha unagundua kwamba uso wake uko upande wa pili, umetazama mto. Mto ndio uliokuwa barabara. Mwenye shamba alikuwa na gati lake mwenyewe. Meli kutoka London ilipanda mpaka hapo, ikashusha vitambaa, viatu, mvinyo na majembe, ikapakia mapipa ya tumbaku. Kwa mpango huo hakuna aliyehitaji mji, na ndiyo maana Virginia ilikaa karibu miaka 100 bila mji wa maana, wakati kule Massachusetts walowezi walijipanga kijiji kwa kijiji kuzunguka kanisa na uwanja wa pamoja. Huku kila tajiri alikaa kwenye kona yake ya mto, na jirani alikuwa mbali.

Mpwa akauliza waliolima walilala wapi. Ndilo swali la wiki hii yote.

Jumanne: Kisiwa cha Jamestown

Kuna Jamestown mbili, na wageni huzichanganya. Moja ni makumbusho yaliyojengwa upya ili watu waone maisha yalivyokuwa. Hiyo ni ya kesho. Leo tumekwenda kwenye kisiwa chenyewe, ambako wachimbaji wa mambo ya kale bado wako kazini na koleo zao.

Wanaume na wavulana 104 walishuka hapa Mei 1607 kutoka kwenye meli 3: Susan Constant, Godspeed na Discovery. Waliowatuma walikuwa wenye hisa wa Kampuni ya Virginia ya London, waliopata hati kwa Mfalme James wa Kwanza mwaka 1606 na kutarajia faida. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu kina cha maji kiliruhusu meli kufungwa kwenye miti ya ukingoni, na kwa sababu meli za Wahispania zisingekiona kwa urahisi kutoka baharini. Wenyeji hawakuwa wakiishi hapa, na kwa mkulima yeyote hilo lingetosha kuwa onyo. Nimetembea nusu saa tu nikaelewa: kinamasi pande zote, mbu mchana kweupe, na maji ya mto yana chumvi wakati wa kiangazi. Juu ya hayo, miti ya kale ya eneo hili, kwa pete zake za ndani, inaonyesha kwamba walifika wakati wa ukame mkali kuliko wote katika muda wa zaidi ya miaka 700. Ukame ule ulidumu kuanzia 1606 hadi 1612. Mvua ikikosa, chumvi ya baharini inapanda mtoni. Hayo ndiyo maji waliyokunywa.

Kwa muda mrefu watu waliamini ngome ya kwanza ilimezwa na mto. William Kelso alianza kuchimba mwaka 1994, na kufikia 1996 aliweza kuthibitisha kwamba sehemu kubwa ya ngome iko nchi kavu. Kijana mmoja wa uchimbaji alituita karibu atuonyeshe inavyojulikana. Alikwangua udongo wa njano taratibu mpaka likatokea doa jeusi la mviringo, upana wa sahani. Mbao ilioza zamani, shimo lake likajaa udongo mwingine, na ukizifuata duara hizo moja baada ya moja unapata ukuta mzima, kona kwa kona, ngome ya pembe tatu. Sasa wamesimamisha magogo mapya juu ya mistari ileile. Mpwa alipiga magoti pale akazihesabu duara mpaka shemeji akamwinua.

Kisha tukaingia kwenye jumba la makumbusho la kisiwani, na humo nimesimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yanaitwa Wakati wa Njaa. Ngomeni waliingia watu kama 300. Walipotoka walikuwa kama 60. Walikula farasi, mbwa, paka, panya, nyoka na ngozi za viatu. Mwaka 2012 wachimbaji walikuta, kwenye shimo la takataka la ghala la chini ya nyumba, fuvu na mfupa wa mguu wa msichana wa miaka 14 hivi, vikiwa na alama za kisu. Wamempa jina Jane, maana lake halijulikani. Wamemtengenezea sura kutokana na fuvu lake. Ni uso wa mtoto wa shule. Sikumruhusu mpwa asome maelezo yote, lakini alishaona ya kutosha.

Nimejiuliza watu 300 wanakufaje njaa katika nchi yenye samaki, kulungu na chaza. Ukame ni sababu mojawapo. Msafara wa chakula wa 1609 ulikumbwa na kimbunga, na meli yake kubwa, Sea Venture, ikaishia kwenye miamba ya Bermuda. Lakini sababu kubwa kwangu ni kwamba walikuwa wakila mahindi ya wenyeji. Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan, alitawala makabila yapatayo 30 katika nchi hii iliyoitwa Tsenacommacah. Aliwauzia mahindi, lakini walipozidi kudai na kuanza kuchukua kwa bunduki huku yeye mwenyewe ana ukame, akakata biashara na kuizingira ngome. Aliyetoka nje kutafuta chakula aliuawa. Kampuni ilikuwa imetuma mabwana wengi, wafua dhahabu na mafundi wa kusafisha madini. Wakulima walikuwa wachache mno.

Mashariki ya ngome kuna kiwanja kilichofukuliwa miaka ya karibuni, palipokuwa na makazi ya Kapteni William Pierce. Orodha ya watu ya 1625 inamtaja mwanamke Mwafrika aliyeishi katika nyumba hiyo, Angela, aliyeletwa na meli ya Treasurer. Nitamrudia nikifika Point Comfort. Kwa leo niandike tu kwamba ardhi yenyewe iko hatarini: mto unapanda, mvua kubwa zinafurika, na kisima na makaburi ambayo bado hayajafukuliwa yanaweza kwenda na maji.

Jumatano: Jamestown Settlement

Meli mfano zimefungwa gatini. Discovery, ndogo kuliko zote, ilibeba watu 21 pamoja na mabaharia wake, na safari iliwachukua zaidi ya miezi 4, wiki 6 kati ya hizo wakiwa bado wanaiona Uingereza kwa kukosa upepo mzuri. Nimeshuka chini ya sitaha nikapanda haraka. Jahazi la Kilwa lina hewa zaidi.

Upande wa kijiji cha wenyeji kuna nyumba za fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka ya matete. Nyuma yake kuna shamba, na hapo nilijiona niko nyumbani: mahindi, maharage yakipanda juu ya mabua, maboga yametandaa chini yakizuia magugu. Mama yangu analima hivyohivyo hadi leo. Mahindi yetu asili yake ni bara hili la Amerika, yakavushwa na Wareno, na ugali tunaoapa kwa jina lake umetoka kwa watu hawa. Wanawake wa Powhatan ndio waliolima, na Waingereza, kwa kuwa kwao shamba lilikuwa kazi ya mwanamume, waliandika kwamba waume zao ni wavivu.

Halafu tumbaku. Ipo nyuma ya ngome, mistari michache, imefika kifuani, ua la juu limeshakatwa. Harufu ilinipata kabla sijaiona. Mwanamke aliyevaa nguo za enzi zile alikuwa anatoa machipukizi yanayoota kwenye makwapa ya majani, nikamwomba nimsaidie mstari mmoja. Mikono haisahau: kidole gumba kinabana chipukizi pale linapoungana na shina, linavunjwa pembeni bila kuchana jani, unageuza jani kuangalia kiwavi, unahamia mche mwingine. Baada ya miche kumi vidole vimeshashika ule utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Nilimweleza yule mama kwamba ukiingia shambani asubuhi majani yakiwa na umande unaweza kutapika siku nzima, kwani sumu inapita kwenye ngozi. Alisema wageni huuliza habari za ndoa ya Pocahontas, binti wa Powhatan, na habari za umande ni mara chache sana mtu kuzitaja.

Mwanzilishi wa zao hili hapa ni John Rolfe, ndiye huyo mume wa Pocahontas. Tumbaku ya wenyeji ilikuwa kali mno kwa Waingereza, kwa hiyo alipanda mbegu ya Karibea, kwenye mwaka 1612. Kufikia 1617 koloni lilisafirisha ratili 20,000 hivi, yaani kilo 9,000. Mwaka huohuo gavana mpya alikuta Jamestown imepandwa tumbaku hadi mitaani na kwenye uwanja wa soko. Watu waliokuwa wamezika wenzao kwa njaa miaka 7 tu nyuma walikuwa wanaacha mahindi kulima kitu kisicholika, mpaka ikatolewa amri kwamba kila mkulima kwanza apande ekari 2 za mahindi.

Mimi siwashangai. Zao la fedha likishika nchi, kila kitu hupimwa kwalo. Kodi ililipwa kwa tumbaku, mchungaji alilipwa mshahara kwa tumbaku. Kampuni ilipoleta wanawake wa kuolewa mwaka 1621, mume alitakiwa kulipa ratili 150 za jani zuri kufidia gharama za safari ya bibi harusi.

Ila kuna jambo ambalo maelezo ya makumbusho yanalipita haraka, na mkulima wa tumbaku hawezi kulipita. Tumbaku inamaliza ardhi na inamaliza watu. Bila mbolea, shamba lilichoka baada ya mavuno 3 au 4, likaachwa pori hata miaka 20. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji ardhi mpya daima. Na mche mmoja unashikwa mara nyingi mno: kitalu, kupandikiza, palizi, kukata ua, machipukizi, viwavi, kuvuna, kukausha, kupanga madaraja, kufunga. Kwa hiyo alihitaji mikono mipya daima. Kuanzia 1618 Kampuni iliunganisha njaa hizo mbili kwa sheria moja: ukimlipia mtu nauli ya kuja, unapewa ekari 50. Maskini wa Uingereza walitia saini mikataba ya kutumika miaka 4 hadi 7 bila mshahara, na wengi walikufa kwa homa na kuhara kabla muda haujaisha. Aliyemleta alibaki na ardhi. Orodha ya 1625 inaonyesha watu 1,200 hivi tu katika koloni zima, ingawa maelfu walikuwa wameshapakiwa melini.

Alhamisi: Kwa Wapamunkey

Williamsburg tumeipitia asubuhi tu. Ni mji mkuu uliofuata, kuanzia 1699, baada ya majengo ya serikali Jamestown kuungua tena. Umefanyiwa ukarabati mzuri na una watu wengi. Nimependa kuona Shule ya Bray, nyumba ndogo ya mbao ambamo watoto weusi, wengi wao watumwa, walifundishwa kusoma kati ya 1760 na 1765.

Mchana tumevuka kwenda kaunti ya King William, kwenye hifadhi ya Wapamunkey. Ni ekari 1,200 hivi ndani ya kona ya mto, maji karibu pande zote: nyumba chache, kanisa, na kiwanda cha kutotolesha samaki wa shad. Hawa ndio watu wa Opechancanough, ndugu wa Powhatan. Tarehe 22 Machi 1622, alipoona mashamba ya tumbaku yanapanda mto mwaka hadi mwaka na kula ardhi ya mahindi, aliwashambulia walowezi kwa siku moja, wakafa 347. Waingereza walijibu kwa miaka 10 ya kuchoma mahindi yakiwa yanakaribia kuvunwa. Alishambulia tena 1644, akakamatwa akiwa mzee asiyeweza kutembea, na mlinzi akampiga risasi Jamestown.

Kwa mikataba ya 1646 na 1677, waliobaki walipewa hifadhi, nao wakatakiwa kumpelekea gavana kodi kila mwaka. Bado wanaipeleka: kila Novemba wanamkabidhi gavana wa Virginia kulungu. Serikali ya shirikisho ilikamilisha kuwatambua kama taifa mwaka 2016 tu. Miaka karibu 340 ya kutimiza ahadi yao kwa nchi iliyokuwa haiwatambui! Shemeji, ambaye huongea kidogo, alisema hilo garini mara mbili.

Ijumaa: Point Comfort

Leo panaitwa Fort Monroe, ngome kubwa ya mawe yenye handaki la maji, kwenye ncha ambapo mto James unaingia ghubani. Upepo ni mkali na watoto wanaogelea.

Mwishoni mwa Agosti 1619 iliingia hapa meli ya White Lion, ikabadilisha Waafrika ishirini na kitu kwa chakula. Rolfe aliandika habari hiyo. Walikuwa wametekwa Ndongo, katika Angola ya leo, kwenye vita ambavyo Wareno na Waimbangala walivipiga dhidi ya ufalme huo, wakapakiwa Luanda pamoja na mamia wengine katika meli ya Kireno iliyokuwa inakwenda Veracruz. Maharamia wa meli mbili, White Lion na Treasurer, waliivamia na kuwagawana. Walikuwa Wabantu, wasemaji wa Kimbundu, wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele. Wengine walitoka kwenye miji yenye maelfu ya watu. Jamestown ingewaonekea kama kitongoji.

Angela alikuwa mmoja wao. Wengine wawili, Anthony na Isabella, wanatajwa 1625 katika nyumba ya Kapteni William Tucker, pamoja na mtoto wao William, aliyebatizwa.

Mwanzoni sheria haikuwa imeamua watu hawa ni nani hasa, na baadhi yao walijikomboa. Mlango ulifungwa polepole, hukumu kwa hukumu, kadiri tumbaku ilivyodai mikono isiyomaliza mkataba. Mwaka 1640 watumishi 3 walitoroka wakakamatwa. Wawili, Wazungu, waliongezewa miaka 4. Wa tatu, John Punch, Mwafrika, alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 1656 Elizabeth Key, ambaye baba yake alikuwa Mwingereza, alishinda kesi ya uhuru wake. Mwaka 1662 baraza likapitisha kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Kuanzia hapo bwana aliyemzalisha mtumwa wake alikuwa ameongeza mali.

Nilimweleza mpwa habari hii kwa maneno ya kawaida, bila kulainisha. Aliuliza kama William yule mtoto alikuwa mtumwa au la. Karatasi ya 1625 inasema jina lake, wazazi wake na ubatizo wake.

Kwenye ngome hiihii, Mei 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend walivuka maji kwa mashua usiku wakaomba hifadhi, na Jenerali Benjamin Butler wa jeshi la Kaskazini akakataa kuwarudisha kwa bwana wao. Kufikia mwisho wa vita zaidi ya watu 10,000 walikuwa wamekimbilia hapa.

Jumamosi: Eastville, ng'ambo ya ghuba

Daraja na mahandaki ya kuvuka ghuba ya Chesapeake ni kilomita 28. Upande wa pili ni nchi tambarare ya viazi na nyanya, na Eastville ni mji mdogo sana wenye mahakama ya zamani, ofisi ya karani na jela ya wadaiwa. Kumbukumbu za mahakama hapa zinaanza 1632 bila kukatika, na ndani yake yumo mtu niliyemfuata.

Antonio aliletwa Virginia mwaka 1621. Baadaye anaandikwa Anthony Johnson, mtu huru, mwenye mke aitwaye Mary, ng'ombe, na kufikia 1651 ekari 250. Nyumba ilipoungua mahakama iliwasamehe kodi mkewe na binti zake. Mwaka 1655 mahakama hiyohiyo ilimrudishia mtumishi wake John Casor, Mwafrika, aliyedai kwamba mkataba wake umeisha zamani. Casor akabaki mtumwa wake. Limeniuma, lakini nimelielewa. Aliyekuwa na tumbaku shambani alihitaji mikono, na sheria za koloni zilishaonyesha mikono ya nani inashikika.

Johnson alihamia Maryland miaka ya 1660 akafa huko. Mwaka 1670 baraza la wazee wa mahakama huku Virginia liliamua kwamba kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, basi alikuwa mgeni, na ardhi aliyoiacha inaweza kuchukuliwa na Mfalme. Ekari zilizolimwa na familia moja kwa miaka mingi zikaondoka kwa sentensi moja.

Mwaka 1677 mjukuu wake John alinunua ekari 44 kule Maryland, akaliita shamba lake Angola. Ni kaunti ya Somerset, mwendo wa saa mbili kwenda kaskazini. Mpwa ameshaitafuta kwenye simu na amepata barabara. Tunalala huku, na asubuhi tunakwenda.